Ndaga Mpakani

Huku kwetu Bujonde, ukimkuta mtu ameinama shambani unamwambia, "Ndaga." Ni asante ya Kinyakyusa, nayo hutolewa hata kama kazi yenyewe haikuhusu ndewe wala sikio. Kumpita kimya ni kumtukana.

Miaka mingi nilipalilia mpunga na jirani yangu, mwanamke ambaye jaruba lake liko chini ya langu. Leo kwangu, kesho kwake, tuking'oa magugu kwa mikono huku tunasengenya watu mpaka mbavu zinauma kwa kucheka. Mume wangu alipofariki, ni yeye aliyenishika mkono akanirudisha shambani.

Kisha mgongo ukanishinda, nami nikajitia ujuaji. Nikanunua dawa ya magugu, nikabeba bomba la kupulizia, nikamaliza jaruba zima asubuhi moja. Mpunga ukastawi, wacha bwana! Sijawahi kuvuna vile.

Ila mwenye duka alinionya nizuie maji siku kadhaa baada ya kupuliza. Mimi na haraka zangu, siku ya pili nikafungulia. Maji yakashuka kwa jirani mpaka kwenye kidimbwi alichofugia perege. Aliwakuta wanaelea, matumbo juu. Nilikwenda kumwomba radhi, akasema, "Yamekwisha, mama." Hayakuisha. Tangu siku ile akinipita ni macho mbele, mdomo kimya. Ghala limejaa, na sina mtu wa kumwambia limejaa. Jamani, upweke unauma.

Msimu huu bomba nimelitupa uvunguni. Napalilia kwa mikono, peke yangu, na najua mavuno yatapungua. Mgongo unanisuta kila jioni. Sikutaka kingine, nilitaka tu anione, aniambie lile neno moja.

Juzi nikasikia mtu anakanyaga maji nyuma yangu. Ni yeye, amesimama mpakani. Sikuinuka, nikaendelea kung'oa, sikio nimelitega.

Akainama. Akachota tope kwa mikono, akaziba upenyo ambao maji yangu hupitia kwenda kwake, akashindilia kwa mguu. Maji yalikuwa safi, hayana tone la dawa. Nilitaka kumwambia hivyo.

Lakini alikuwa ameinama, yuko kazini, nami nimelelewa.

"Ndaga," nikamwambia.

Akaongeza tope jingine, akashindilia, akaenda zake.