Nilivyofanya mtihani wa trigonometria stesheni ya Kolwezi huku tunafukuzwa

Wakuu, heshima zenu wote.

Jana nimesoma humu uzi wa kijana analia kwamba hesabu za mwaka wa kwanza zinataka kumrudisha nyumbani. Nimecheka peke yangu jikoni mpaka wanangu wakaja kuniangalia. Simcheki yeye, jamani. Ni kwamba mimi hesabu hizo hizo nilizimalizia mlangoni mwa treni.

Haya yamenipata mimi mwenyewe, sijatia chumvi. Kiswahili changu ni cha Katanga, nimejaribu kukinyoosha. Mkikuta mu- na ba- zimetoroka, mnivumilie.

Ilikuwa Kolwezi, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Babu yangu aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi mgodini. Baba akazaliwa pale pale, akawa karani wa kampuni ya shaba. Mimi pia nimezaliwa pale. Kasai nilikuwa naijua kwa jina tu, kama wewe unavyoijua Brazil.

Kampuni ndiyo ilikuwa kila kitu: nyumba, hospitali, unga. Na ilikuwa inakufa tukiiona. Mashine zinasimama, mishahara inachelewa hadi watu wanaacha kuiulizia.

Katikati ya hayo mimi nikaingia chuo, nataka uinjinia. Lakini kwanza lazima upite kozi ya maandalizi, algebra na trigonometria. Ukianguka, kwaheri.

Wakuu, nilikuwa sielewi KITU. Sinus, cosinus, tangente, naona kama majina ya dawa.

Aliyeniokoa ni msichana mwenzangu wa darasani, anaitwa Mujinga. (Watanzania acheni kucheka, kwetu ni jina zuri tu la mtu. Tena ndiye alikuwa na akili kuliko sisi wote.) Yeye ni Mlunda, wazazi wake walitokea Kisenge, huko huko Katanga, kwenye migodi ya manganizi.

Siku moja akapindua baiskeli ya baba yake uani, magurudumu juu. Akatia alama ya chaki kwenye tairi, akalizungusha polepole.

"Ngalula, angalia chaki. Vile inapanda juu ya ile katikati, njo sinus. Vile inaenda pembeni, njo cosinus. Ni bitu mbili tu! Unaogopa nini?"

Nikaangalia. Chaki ikapanda, ikashuka, ikazama chini, ikarudi.

Nikapiga kelele! Nikalizungusha lile gurudumu mpaka mama yake akatoka kuuliza kama nimerukwa na akili. Kuanzia hapo nikawa mgonjwa wa hesabu kabisa. Napita mgodi wa Mutoshi, napiga hesabu ya urefu wa lundo la udongo kutokana na kivuli chake. Nasonga bukari, yaani ugali, nacheka peke yangu.

Halafu maneno yakabadilika mjini. Watu wa Kasai warudi kwao.

Kwao wapi? Vijana wakapita na mawe. Baba akaondolewa kazini, na nyumba ikaenda na kazi. Jirani aliyekuwa akituomba chumvi akaacha kutusalimia. Tukabeba tulichoweza, tukaenda stesheni kungojea treni kama maelfu ya wengine.

Tulikaa pale majuma mengi, chini ya maturubai, mvua inanyesha. Watoto walikuwa wanaharisha na wengine walizikwa hapo karibu. Hilo siwezi kulifanyia utani.

Lakini nilishafanya mtihani wa kuandika wa ile kozi. Ulikuwa umebaki wa mdomo tu. Badala ya kulia kwa ajili ya nyumba, nikawa nalia kwa ajili ya mtihani!

Mujinga akawa anakuja. Anaweka beseni la unga kichwani, madaftari yamefichwa chini ya unga. Vijana wanaolinda njia panda wakimuuliza anafuata nini kwa wale watu, anajibu, "Naenda kwa fundi wangu wa nguo, yee njo iko na robe yangu." Anapita.

Tunakaa juu ya sanduku letu la bati, tunarudia. Mama mmoja jirani alinisikia kutwa nzima sinus, sinus. Akadhani naumwa sinus za pua, akaniletea majani yaliyopondwa.

"Mutoto, vuta na pua. Sinus ni mubaya, inaweza kupanda mu kichwa."

Mujinga alianguka chini kwa kicheko. Mimi nikavuta yale majani kwa heshima, nikapiga chafya mpaka jioni.

Asubuhi moja namwona Prof Kalenga, mwalimu wetu wa hesabu, anakuja kati ya maturubai, na koti lake na tai. Yeye ni Mkatanga, mkali, hajawahi kumpa mtu pointi ya huruma.

Akamsalimia baba kwanza. "Tata, samahani. Binti yako iko na examen."

Akatoa chaki mfukoni, akaandika juu ya sanduku letu: 2cos²x + 3sin x = 3. Nitafute x zote kwenye mzunguko mmoja.

Watu wakajaa. Nikageuza cosinus kuwa sinus, ikawa algebra ya kawaida, nikaivunja vipande viwili. Sinus ni nusu au ni moja.

"Thelathini na tisini!"

Prof akatikisa kichwa. "Imebaki moja."

Umati wote ukarudia, "Imebaki moja!" Hawajui ni moja ya nini.

Na hapo treni ikapiga honi.

Wakuu, watu waliruka! Sanduku likabebwa na mtihani wangu juu yake. Baba ananivuta mkono, mimi nalia, "Tata ngojea, imebaki moja!" Nikasukumwa ndani ya behewa. Treni ikaanza kusogea, na ndipo likanijia. Nikatoa kichwa mlangoni.

"Mia moja hamsini!"

Yule mzee mkali akakimbia kando ya reli, tai begani, mikono juu.

"Dix-sept! Dix-sept sur vingt!"

Kumi na saba juu ya ishirini! Behewa zima likapiga vigelegele. Watu waliofukuzwa makwao, wanashangilia trigonometria.

Huko Kasai chuo hakikunikubali. Hakuna karatasi, hakuna pointi. Nikarudia kozi nzima, na niliifurahia kuliko mara ya kwanza. Leo mimi ni injinia wa maji.

Mujinga nilimpata kwa simu baada ya miaka mingi. Hakuniuliza kwanza kama niko mzima.

"Ngalula! Prof alikuuliza nini? Alikatala kutuambia mpaka anakufa!"

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba amefariki. Nikamsomea ile hesabu, akaifanya pale pale kwenye simu, tukacheka.

Nilichojifunza: wakati mji mzima unaniambia sina kesho, mtu mmoja alikuja kunisahihisha. Humsahihishi mtu asiye na kesho. Kijana wa jana, rudi darasani.

Waliopita ile stesheni, semeni mliishia wapi. Na nyie wengine, ni somo gani mliliogopa likageuka utamu? Nipo hapa nasoma.