Pikipiki Isiyo na Kiti

Pikipiki yangu haina kiti. Sikusahau kukinunua, wala hakikuibwa. Pikipiki za mchezo wa trials hutengenezwa hivyo, kwa sababu mwendeshaji hushinda amesimama. Unapanda nayo mawe, magogo na kingo za vijito, polepole kuliko mtu anayetoka dukani, na kazi yako ni moja tu: mguu usiguse ardhi. Ukigusa unahesabiwa kosa. Ukianguka unahesabiwa makosa mengi, na mzungu mmoja mwenye koti la mvua anakuandika huku akikuambia umejitahidi sana.

Nimewaeleza haya wauguzi wenzangu, mchungaji wetu, hata fundi wa bomba, na wote walielewa. Mama yangu alipokuja kunitembelea kutoka Nakuru hakuelewa, naye alikuwa amekuja kukaa miezi.

"Hii ni boda boda," alisema, amesimama mlangoni mwa sebule na mkoba ungali begani.

"Si boda boda, Mama."

"Ni boda boda iliyoibiwa kiti." Akanitazama kuanzia juu mpaka chini. "Tulichanga ukoo mzima uje huku usomee uuguzi. Na wewe unabeba watu kwa pikipiki."

Pikipiki ilikuwa sebuleni, kando ya hita, kwa sababu wezi wa Erdington, mtaa wangu huku ughaibuni, walishavunja kufuli ya banda la nyuma, na mimi sina moyo wa kuacha kitu ninachokipenda kilale nje na wezi. Tangu ndoa yangu iishe naishi peke yangu, kwa hiyo hakukuwa na mtu wa kulalamika. Nilikuwa nimezoea. Ukizoea kuishi na injini unasahau kwamba watu wengine huweka meza ya kahawa hapo.

Na watu hudhani kazi ni kuiendesha. Kuiendesha ni Jumamosi moja. Siku zilizobaki ni kuosha matope, kukaza spoki, kufungua kabureta, kuifunga, kugundua kwamba skrubu moja imebaki mezani, na kuifungua tena. Nikitoka zamu hospitalini nimechoka kama punda, nikishika spana uchovu unaondoka. Vyombo vyangu vya jikoni vilikuwa vimeajiriwa humo bila kuulizwa. Kichujio cha chai kilichuja petroli. Sufuria ya ugali ilirowesha cheni. Mama alipoiona hiyo sufuria alienda madukani High Street akanunua nyingine na kuificha chumbani kwake.

Kisha akafungua friza kutafuta samaki. Ukitaka beringi iingie kwenye gurudumu bila vita, unaigandisha usiku kucha ili inywee kidogo, na gurudumu lenyewe unalipasha moto. Mama alikuta beringi zangu mbili zimefungwa kwa kitambaa safi, zimelala ubavuni mwa tilapia. Alizileta sebuleni juu ya sahani.

"Hizi," akauliza, "zinaiva kwa muda gani?"

Wamama wa ushirika wa Wakenya walipokuja kumsalimu, aliifunika pikipiki kwa leso mbili, akaifunika vizuri mpaka chini, jinsi tunavyofunika marehemu wodini. Mgeni mmoja akauliza kuna nini pale. Mama yangu, mzee wa kanisa, alijibu bila kupepesa jicho kwamba ni mashine ya mazoezi ya tumbo. Wote wakanitazama tumbo. Nikaenda kuongeza chai.

Aliyemlainisha kidogo alikuwa jirani yangu, Msomali aliyekulia Eastleigh kwetu nyumbani, anayefanya kazi kwenye karakana moja kule Tyseley. Ndiye aliyenipeleka kwenye mchezo huu mara ya kwanza, naye ndiye mwenye gari la kubebea pikipiki. Mama alimpenda siku aliyokula chapati zake bila kuhesabu. Lakini mapenzi hayo yaliishia kwake, hayakufika kwenye pikipiki.

"Mama, hii si ya biashara, ni sport," jirani alimwambia. "Hata speed haina. Walahi, kuku anaweza kui-overtake."

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," Mama akamjibu, akimwongezea chapati. "Na huyu anafanya kazi na watu waliovunjika miguu. Anaona kila siku. Hasikii."

Wiki za mwisho za ziara yake zikafika, na hapo nikaanza kuogopa kweli. Kwetu mzazi akiwa anaondoka safari ndefu hukuachia neno. Hukaa nawe, akasema jambo moja, na jambo hilo halivunjwi, hasa mzazi mwenyewe akiwa na umri ambao kila kuagana kuna wasiwasi wake. Nilijua neno langu lingekuwa nini. Angesema uza pikipiki, ningesema ndiyo Mama, na ningeiuza. Nilimjua na nilijijua. Nilikuwa nikiamka asubuhi naitazama ile takataka, kama Mama alivyoiita, kando ya hita, roho inaniuma kama ya mtu anayetazama mbuzi wa Krismasi.

Kwa hiyo nikamwomba. "Njoo uone mara moja tu. Jumamosi hii, kabla hujaondoka. Ukishaona, sema neno lako, na mimi nitalishika."

Alifikiri sana. Akauliza kama kuna choo. Nikamwambia kipo.

Wiki hiyo niliitengeneza kama ninayeiozesha. Oili mpya, plagi mpya, pedi mpya za breki nilizozifunga mwenyewe kwa mkono na kuzijaribu uani mpaka zikauma sawasawa. Jumamosi asubuhi nikaiosha, nikaikausha, nikaiacha mlangoni tayari. Nikapanda juu kuvaa. Mama alibaki chini, tayari amevaa koti langu kubwa na kofia ya sufu, akingoja.

Mashindano yalikuwa kwenye shamba moja nje ya jiji, msitu wenye mteremko na kijito chini, matope kila mahali. Jirani alimwekea Mama kiti cha kukunja karibu na kanda za rangi zinazoonyesha njia, akampa blanketi na chupa ya chai. Njia ya kwanza ilikuwa rahisi: panda kingo, zunguka mti, teremka polepole, pinda kabla ya maji. Nilipanda vizuri. Nilizunguka mti vizuri. Nikaanza kuteremka, nikabana breki.

Hapakuwa na breki. Nilibana ya mbele, nikakanyaga ya nyuma, zote mbili zikateleza kama nimeshika sabuni. Nilimpita msimamizi. Nilipita kanda. Nilimpita mbwa mmoja aliyekuwa amekuja na wenyewe, naye akanisindikiza mpaka majini, ambako pikipiki ilisimama na mimi nikaendelea.

Nilipoinuka, maji kiunoni, jambo la kwanza nililoona ni Mama amesimama wima, blanketi chini. Hakupiga kelele. Alisema "Yesu" kwa sauti ya kawaida, kama anayemwita mtu aliye chumba cha pili. Msimamizi akaandika makosa yangu, akaniambia nimejitahidi sana. Mimi nilikuwa nawaza neno la Mama tu. Nilijua nimeshaiuza.

Jirani alinisaidia kuivuta nje. Akachuchumaa, akagusa diski ya breki ya mbele kwa kidole, akakinusa. Akanusa tena.

"Sista, ume-grease hizi disc?"

"Nina kichaa?"

"Hii si grisi. Inanukia mtoto mchanga."

Nami nikanusa. Ilikuwa mafuta ya kujipaka, yale ya kopo kubwa ambayo Mama alikuja nayo kutoka nyumbani kwa sababu haamini ya huku. Nilipakwa hayo kila asubuhi ya utoto wangu, usoni, magotini, mpaka nikang'aa, kwa sababu hakuna mtoto wa mama yangu aliyewahi kutoka nje ya nyumba ile akiwa amepauka. Diski zote mbili zilikuwa zimepakwa. Spoki zilikuwa zimepakwa. Hata cheni.

"Mama," nikamwita. "Uliipaka hii pikipiki mafuta?"

"Ilikuwa imepauka," akasema. "Uliiosha kwa sabuni kali ukaiacha hivyo. Ningeiacha iende mbele ya wazungu imepauka, waseme haina mwenyewe?"

Jirani akavuta kofia usoni, akaenda nyuma ya gari lake, nikasikia akicheka huko mpaka akakohoa. Mimi nilishindwa kucheka. Ukiacha siku ya leso, mwanamke huyu hakuwa amegusa pikipiki yangu hata kwa ncha ya kidole tangu afike. Akitaka kupita karibu nayo alikuwa akikusanya sketi yake. Na asubuhi ile, nilipokuwa juu nikivaa, alikuwa amepiga magoti mlangoni na kopo lake, akaipaka spoki moja baada ya nyingine.

Tulisafisha diski kwa dawa, tukazipiga msasa, jirani akatoa pedi zake kuukuu kwenye sanduku la vifaa, maana zangu mpya zilikuwa zimeshakunywa mafuta na kushiba. "Breki gani hizo zinazoshindwa na mafuta kidogo," Mama akasema, naye akarudi kuketi. Nikaendelea na njia zilizobaki nikiwa nimelowa mpaka mfupa. Niligusa chini mara nyingi kuliko nilivyotaka. Moja tu, juu ya magogo, niliipita bila mguu kugusa popote, na nilipofika mwisho watu watatu wenye makoti ya mvua wakapiga makofi, pamoja na Mama, aliyepiga kwa glavu.

Tulirudi watatu mbele ya gari, mimi katikati nikidondosha maji. Tulipoingia jijini Mama akanyoosha mgongo, na nikajua linakuja.

"Neno langu ni hili," akasema. "Usiiuze."

Nikashukuru. Nilianza kumweleza kwamba si hatari kama inavyoonekana, kwamba leo ilikuwa bahati mbaya tu.

"Ni hatari. Nina macho." Alikuwa akitazama mbele, barabarani. "Lakini mimi naondoka. Hiyo takataka ikitoka mle ndani, ukitoka kazini utakuwa ukirudi kwa nani?"

Jirani akaanza kushughulika sana na vioo vya gari. Nilitaka kusema nina marafiki, nina kanisa, nina zamu zinazonijaza wiki nzima. Badala yake nililia, tena si kidogo, na Mama akaniacha nilie, akitafuta leso mkobani mwake bila haraka yoyote.