Leta ilikuja kuhesabu watoto wangu, ikakuta vikombe tu

Wakuu, salamu toka Kalemie.

Mimi ni bibi, nilisoma mpaka darasa ya tatu, naandika polepole na kidole kimoja. Lakini uongo siandiki. Mwenye kuwa na haraka apite.

Hapa kwangu ninalinda watoto wakitoka masomo. Saa sita wanafika, jioni wazazi wanakuja kuwachukua. Niko nao ishirini na wawili, chini ya kibanda kimoja. Mvua ikinyesha wanabanana kama samaki ndagala mu kitunga.

Nafasi ya mwengine hakuna. Na hiyo njo ilikuwa inaniumiza.

Kuko jirani yangu, Mama Mapasa, anauzisha samaki kule bandarini. Mapasa yake, ni kusema watoto pacha wawili, wako na miaka tano. Alikuwa anawafungia ndani ya nyumba na kufuli, tangu saa sita mpaka giza linakaribia. Kila siku anauliza: "Bibi, leo kuko nafasi?" Kila siku najibu hapana. Nikipita pale nasikia wanaimba kwa dirisha.

Basi, siku ya Mungu wakatangaza kanisani: Leta, ni kusema serikali, itasaidia wenye kulinda watoto kisha masomo, ili waongeze nafasi. Nikaenda biro, kwa ofisi yao, nikaandikisha jina.

Akatumwa Papa Ilunga kuja kuangalia. Alifika saa nne asubuhi.

"Mama, watoto wako wapi?"

"Kwa masomo, Papa. Ni watoto wa kisha masomo."

Akaangalia nyuma ya nyumba. Akainua mukeka. Akaandika: vikombe ishirini na mbili, watoto hapana. Akapiga kashe, ule muhuri wa Leta, akaniachia kopi.

Nikamwambia arudi saa sita. Akasema kazi ya inje inaisha saa sita.

Sasa sikieni vizuri, wakuu. Huyu Papa Ilunga, mutoto wake Mado, wa miaka sita, yuko kati ya wale ishirini na wawili! Mimi njo namulinda. Kila jioni saa kumi na moja baba yake anakuja kumuchukua.

Jioni ile akaja. Nikamwambia: "Papa, hawa hapa. Hesabu."

Akacheka. "Mama, saa hii mimi ni papa ya Mado tu. Leta imekwisha kurudi nyumbani, inakula."

Nikamuitia Mado. Mimi sina mazoea ya kubishana.

Kesho yake, saa kumi na moja, akaja tena. "Mama, nipe Mado."

"Mado gani?"

"Mutoto wangu!"

Nikatoa ile kopi. "Hapa Leta inasema kwangu hakuna mutoto. Kashe hii hapa. Mimi ni nani nikatae maneno ya Leta?"

Mado akapiga kelele: "Papa, niko hapa!"

"Sauti naisikia," nikasema. "Lakini haiko kwa karatasi."

Watoto wote wakaanza kucheka. Jasho ikamutoka Papa Ilunga. Akasema sawa, ataandika, lakini kashe imebakia kwa biro.

Mado akasema: "Hapana, Papa, iko mu mufuko ya shati."

Akaandika pale pale juu ya goti. Nikasoma mwenyewe, neno kwa neno: *Nimeona mutoto mumoja.*

"Na hawa wengine?"

"Mama, huyu najua kama ni mutoto kweli, nilimuzaa. Hawa wengine nitashuhudia namna gani?"

Nikamupa mutoto wake. Nilikuwa nimechoka.

Kisha juma mbili gari la Leta likaja. Wakubwa wane ndani. Wakashusha kiti kimoja kidogo, kikombe kimoja, mukeka mumoja na mabati mawili. Musaada wa nafasi moja.

Wakataka kupiga picha ya mutoto. Lakini ilikuwa saa nne asubuhi!

Basi wakanikalisha mimi. Magoti yakafika kwa kidevu, kikombe mukononi. Mukubwa mumoja akaniambia: "Mama, cheka kidogo." Sikucheka. Picha ile iko kwa biro mpaka leo, na nadhani wameniandika kama mutoto.

Lakini mabati ni mabati. Siku ile ile nikaita fundi, akaongeza kibanda upande wa jiko. Nikaenda mwenyewe kwa Mama Mapasa. Kabla hajauliza, nikamwambia: "Lete."

"Nani, Bibi? Nafasi si ni moja?"

"Lete wote wawili. Kiti watapokezana."

Fundisho langu ni fupi: mukubwa akisema hakuoni, muombe akuandikie. Siku moja atahitaji kitu kwako.

Ile kufuli Mama Mapasa aliniletea. Siku hizi inafunga sanduku yangu ya sukari, maana yale mapasa ni wezi.

Sasa semeni na ninyi, wakuu. Kwenu Leta inaona watoto saa ngapi?