Mama Brashi amfuta fahali aliyemchora mwenyewe

Saa mbili asubuhi, Mama Brashi anakoroga rangi nyeupe kwenye ndoo mbele ya bucha. Ukutani yupo fahali mwekundu, mkubwa kuliko mlango, anayemkodolea macho kila mteja. Ni yeye aliyemchora. Leo amekuja kumfuta.

"Usinionee huruma, nitashindwa kufanya kazi," anasema, akizamisha rola kwenye ndoo.

Mwenye bucha amekodisha ukuta huo kwa kampuni ya vinywaji, na watu wa tangazo wanafika jioni. Alihitaji fundi rangi wa haraka, na wa karibu akawa huyu huyu.

"Nilimwambia, dada, usipotaka nitamwita mwingine," anasema mwenye bucha, akinoa kisu. "Hata mimi nimemzoea huyu mnyama. Lakini nifanyeje?"

Zamani, ukipita mtaa huu ulikuwa unasoma mkono wa Mama Brashi: saluni, gereji, duka la dawa, hadi onyo la mbwa mkali kwenye nyumba ambayo haijawahi kufuga mbwa. Yakaja mabango ya kuchapishwa, na kuta zake zikafunikwa moja baada ya nyingine. Amebaki fahali.

Mwezi uliopita, hospitali ya jirani ilitangaza kwamba inatafuta mchoraji wa kupamba wodi ya watoto. Kwa Mama Brashi, ambaye mumewe, fundi mwashi, aliumia mgongo na hafanyi kazi tena, hiyo ilikuwa riziki ya kweli. Kamati ya hospitali ilitaka kitu kimoja tu: tovuti yenye kazi zake.

"Tovuti! Nikasema makubwa haya. Mimi simu nilikuwa naijua kwa salamu na tochi."

Aliyekuwa na nafasi ni mume. Akiwa amelala chali, alijifunza kuongea na programu ya akili mnemba kwenye simu, akiiuliza kama anavyomuuliza jirani, nayo ikawajengea tovuti hatua kwa hatua. Ilipoandika kwamba mkewe ni "mbunifu mwenye maono ya kimataifa", walicheka mpaka mgongo ukamkumbusha mume kwamba bado unauma.

"Maono ya kimataifa, na hii miwani yenyewe nimeazima!" anasema Mama Brashi.

Shida ilikuwa picha. Zilikuwa na vumbi, nyaya za umeme na visogo vya wapita njia. Wakaiomba programu izisafishe, na kweli ikazisafisha. Ikanyoosha herufi, ikafuta michirizi ya brashi, ikaondoa hata tone la rangi lililochuruzika chini ya jicho la fahali. Simu ilipojaa, mume akafuta picha za zamani. Za nini tena, na safi zipo?

Jibu la kamati lilikuwa fupi: "Mama, tunatafuta mchoraji wa mkono. Hizi ni picha za kompyuta."

Alipiga simu, akabembeleza. Wakamwambia watakuja wenyewe kuuona ukuta mmoja, wowote ule, ilimradi upo. Watakuja kesho. Fahali anafutwa leo. Mama Brashi aliomba waje leo wamuwahi fahali, akaambiwa gari limepangwa kesho. Alimwomba mwenye bucha asubiri siku moja, naye akasema ameshatoa ahadi.

Inauma kumtazama. Hakuna mtu mbaya hapa wa kumtupia lawama, na kazi inapotea hivi hivi.

Kabla ya kuanza, anampa mwandishi wa makala haya simu yake na kusimama kando ya fahali, rola mkononi.

"Tupige wote wawili. Na lile tone lionekane."

Picha inatoka imepinda kidogo, na waya wa umeme umekatiza pembe. Simu inauliza kama iiboreshe. Mama Brashi anabonyeza hapana, kwa nguvu.

Mpango wake ni kuiweka hiyo peke yake kwenye tovuti na kuziondoa nyingine zote. Kesho atawaleta wageni mbele ya tangazo la soda, awaonyeshe picha, awaambie fahali alikuwa hapa. Je, watamwamini?

"Mimi mwenyewe ningeletewa hadithi hii, ningesema ni uongo," anasema. "Lakini nitawaambia."

Anaanzia mkiani. Mgongo unaondoka, kisha shingo. Kwenye rangi nyeupe jicho limebaki peke yake, na tone lake chini, pale simu inapoita. Ni mume wake, na sauti yake inasikika hadi barabarani.

"Umempiga picha?"

"Nimempiga."

"Ametoka vizuri?"

"Ametoka vibaya, baba. Ametoka kama alivyo."

Anarudisha simu mfukoni, anachovya rola na kulipaka jicho.