Kabla Hujautoboa Ukuta wa Bi Mize

Naikumbuka siku ile bibi yako, Bi Mize, aliporudi kutoka harusini Gando, buibui lake lina vumbi la njiani, akaingia chumbani kwetu bila hata kutoa salamu. Mwanangu, wewe unamjua kwa kusikia tu, lakini mimi niliishi naye. Mavyaa wangu yule, mama mzazi wa baba yako, hakuwa mtu wa kupita mlangoni asiseme assalamu alaykum. Siku hiyo alipita. Akaenda moja kwa moja kwenye mkeka ulipolala wewe, mtoto mchanga hata shingo haijakaza, akakubeba. Ndipo akatutazama mimi na baba yako.

Haya nakusimulia kwa sababu ya hiyo televisheni uliyonitumia kutoka Unguja. Imefika salama, Mungu akujaze kheri, na boksi nimelisimamisha pembeni ya mlango. Uliniambia kwenye simu nimwite mtu yeyote mwenye drili aitundike ukutani, pale wanapolala wanao wakija likizo. Sijamwita mtu. Usinune, nisikilize kwanza.

Nyumba hii ukiitazama utadhani ni ya matofali. Ni ya udongo, mwanangu, ya nguzo na fito, na aliyeikandika ni Bi Mize mwenyewe na wanawake wenziwe wa hapa Vitongoji, udongo mwekundu umewafika viwikoni. Baba yako alipopata vijisenti aliipiga plasta ya saruji, akaipaka chokaa, ikawa nyeupe inang'aa. Majirani wakampongeza. Na yeye, Mungu amrehemu, akaanza kuamini kuwa ana nyumba ya mawe. Ndivyo alivyokuwa, akikipenda kitu haoni kasoro yake, na labda ndiyo sababu alinioa mimi.

Basi mama yake alipokwenda harusini, akaazima drili kwa rafiki yake wa Wesha. Alitaka kunitundikia kabati la vyombo vyangu vya harusi, nisiwe nainamainama na mtoto mkononi. Alitoboa huku anaimba. Hakuvaa miwani, mchanga ukamwingia jichoni, akafikicha akaendelea. Vumbi lilitoka la kijivu kidogo, kisha likawa jekundu, nami nikalifagia. Hatukujiuliza ule wekundu umetoka wapi. Akapigilia fisha, vile viplastiki vinavyoshika skrubu, akakaza kwa bisibisi, akalitikisa kabati, likatulia. Nikapanga sahani zangu. Nilifurahi, mwanangu, nilifurahi sana.

Sasa Bi Mize amerudi, amesimama na wewe kifuani.

"Hamad, hilo kabati umelishikiza na nini?"

"Na ukuta, mama. Saruji hiyo."

"Saruji ya juu tu, kama poda usoni. Huko ndani nimekujaza mie kwa nkono wangu. Weye umetia skrubu kwenye udongo, na ntoto umemlaza chini yake!"

Baba yako akacheka. Akataka kumwonyesha mama yake kuwa kazi imeshika, akalikamata kabati kwa mikono miwili na kulivuta kidogo. Likaja lote, na bonge la ukuta nyuma yake, na sahani zangu. Baba yako aliruka pembeni. Kabati likaangukia mkeka, mahali kilipokuwa kichwa chako.

Kisha baba yako akakaa kwenye vigae vya sahani akalia, mtu mzima yule, jicho moja jekundu kwa mchanga. Bi Mize hakumkaripia tena. Alimpa yeye mtoto ambebe, akaja ukutani akaanza kugonga kwa kifundo cha kidole, akisogea kidogo kidogo, huku ameinamisha kichwa. Kisha akauchukua mkono wangu akauweka.

"Nti uko hapa," akasema, yaani mti wa nguzo. "Na hapa. Na huku pembeni ya dirisha."

Baadaye baba yako alilitundika kabati upya kwa skrubu ndefu zilizoingia kwenye nguzo, na safari hii drili ilitoa unga wa mti. Lipo mpaka leo. Wao ndio hawapo. Kuna asubuhi nauweka mkono pale pale aliponiwekea Bi Mize, nikatamani hata kelele za ile drili, na baba yako akiimba vibaya. Nimewakumbuka, mwanangu. Nyumba imekuwa kimya mno.

Kwa hiyo wewe, na wenzio mnaohamia nyumba zenu, ujueni ukuta kabla hamjanunua msumari. Tofali linataka fisha inayolingana na tundu lake. Udongo hauishiki fisha, utafuteni mti ulio ndani. Vaeni miwani mnapotoboa, na vumbi likibadilika rangi simameni muulize. Msitoboe juu wala chini ya swichi, maana waya umepita humo. Na kitu kizito msikitundike juu ya kichwa cha aliyelala, hata mkiwa na hakika. Baba yako alikuwa na hakika.

Televisheni itasubiri. Anayezijua nguzo za nyumba hii sasa ni mimi peke yangu, na mtu wa drili atakuja ataona chokaa tu. Njoo wewe. Vitu umeniletea vingi, nashukuru, lakini mimi nakutaka wewe, uje na wanao, nikushike mkono nikuwekee ukutani kama nilivyowekewa wangu. Mungu akufungulie safari, akuepushe na la kuanguka juu na la kuteleza chini, akufikishe mlangoni kwangu kidole changu bado kina nguvu ya kugonga.