Bi Karibu na Orodha ya Ngazini

Kwap! Ndivyo kilivyolia kifuniko cha kopo la biskuti siku shangazi yake alipokifunga juu ya cheti chake cha sekondari. Msichana mwenyewe alikuwa na miaka kumi na tisa.

"Kitakaa humu, mende hawakipati," shangazi alisema, akalipandisha kopo juu ya kabati na kujipangusa vumbi mikononi.

Hapakuwa na ugomvi wala machozi. Wadogo zake watatu walikuwa bado wanasoma, na kazi ilikuwa imepatikana: chuo kipya cha biashara, mtaa wa pili tu, kilitafuta mtu wa mapokezi mwenye sauti ya kusikika. Sauti alikuwa nayo. Basi akaingia chuoni kwa mlango wa kazi, akazoea, akapenda, akaolewa, akalea, na miaka ishirini na sita ikapita kama mtu aliyeaga akiwa tayari ameshika kitasa. Lakini ile kwap haikumtoka sikioni. Kila kifuniko cha sufuria kilichoanguka jikoni kilimkumbusha.

Jina lake halisi wengi hawakulijua. Kwa kuwa kila aliyeingia getini alipokewa na "Karibuni sana," waliishia kumwita Bi Karibu, kuanzia mkuu wa chuo hadi wapiga deki, naye akaitikia.

Kila Alhamisi asubuhi Bi Karibu aliwatembeza vijana waliotaka kujiunga, pamoja na wazazi wao. Idara ya habari ilikuwa imemwandikia karatasi ya maneno ya kusema. Aliyasema yote, kisha akaongeza ya kwake.

"Karibuni sana. Jengo mnaloliona mbele yenu lilikuwa kiwanda cha magodoro. Zile ndoano darini zilining'iniza sufi. Siku hizi hazining'inizi kitu, msiogope. Mwanzilishi wetu alikuwa mwenye kiwanda; alipochoka kuwauzia watu usingizi, akaamua awaamshe."

Hapo wazazi walicheka, vijana wakatazama simu zao. Akawapeleka kwenye mizani kubwa ya kiwandani, iliyoachwa ukumbini kwa sababu haikupita mlangoni, na ambayo wanafunzi huikalia siku ya mtihani ili wajue hofu ina uzito gani. Akawapandisha maktaba, ghorofa ya pili. "Lifti ipo. Inafanya kazi siku inayotaka. Ngazi zinafanya kazi kila siku." Akawaonyesha chumba cha mapatano, chenye meza moja ndefu na viti pande mbili, ambapo mwanafunzi mmoja huuza na mwingine hununua, kisha wanabadilishana. "Hapa watu wanajifunza kusema hapana bila kugombana. Baba, hata wewe ukipenda kukaa kidogo, mama hapo atashukuru."

Mwisho aliwafikisha kwenye duka la mafunzo, kibanda cha vioo kando ya geti la nyuma. Kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza lazima alishike duka hilo pamoja na kundi lake kwa muda wa wiki sita. Wanaagiza wenyewe, wanapanga wenyewe, wanauza wenyewe, na likiyumba wanasimama mbele ya darasa kueleza limeyumbaje. "Vyuo vingi vitakufundisha duka ubaoni," Bi Karibu aliwaambia. "Hapa utapewa ufunguo."

Na kila alipolitaja neno ufunguo, kitu kilimgusa kifuani, kama mtu aliyegonga mlango kisha akaondoka.

Mwaka huo alipiga moyo konde. Chuo kilikuwa na njia ya watu wazima: cheti cha sekondari, miaka ya kazi, na usaili mbele ya watu watatu. Mfanyakazi wa chuo aliruhusiwa kuomba nafasi hiyo mara moja tu katika maisha yake, akikataliwa, basi. Ndiyo maana wengi hawakuomba kabisa, wakabaki na nafasi yao mfukoni kama kitambaa kizuri kisichoshonwa. Bi Karibu alipanda juu ya kiti, akalishusha kopo la biskuti, akalifungua. Cheti kilikuwa kimepauka pembeni, lakini alama zake zilisomeka zote. Akaomba stashahada ya usimamizi wa biashara, masomo ya Jumamosi.

Wifi yake, dada wa mumewe, ambaye ulimi wake haukujua likizo, alipopata habari alikuja mbio kabla chai haijapoa.

"Wifi, ni kweli? Utabanana na watoto wa kuwazaa mwenyewe?"

"Ni kweli."

"Watakuita bibi!"

"Nitaitika. Mradi waniazime kalamu."

"Na wakikukataa? Maana ni mara moja tu, nimesikia. Utaendelea kuwatembeza watu kwenye nyumba iliyokufungia mlango?"

Bi Karibu alikoroga chai ambayo haikuwa na sukari. Wifi alikuwa ametaja lile lile lililomwamsha alfajiri siku tatu mfululizo. "Nitawatembeza," alisema. "Ila sijui kama sauti itatoka."

Wifi akamsogezea bakuli la sukari. Kisha akasema, "Basi wakubali. Wasipokubali nitakwenda mimi, na hicho chumba chao cha mapatano watakijua."

Mume hakuchangia. Alikuwa fundi makochi, mtu wa maneno machache na misumari mingi. Nusu ya siku alizungumza akiwa na misumari mdomoni. Jioni moja Bi Karibu alimkuta kibarazani anamalizia kushona mto wa kukalia, mdogo, wa mraba, wenye kitambaa cha kahawia kilichobaki kwenye kochi la daktari wa meno.

"Wa nani huo?"

"Si unasemaga viti vya ukumbini vigumu?"

"Nawaambia wageni kwamba vigumu ili wasisinzie! Mume wangu, hata usaili sijafanya."

"Kitambaa kilikuwa kimebaki," alisema fundi, na kurudisha msumari mdomoni.

Siku ya usaili ilifika. Katikati ya meza alikaa mhadhiri wa masoko, mwanamke mwenye nywele fupi zenye mvi, ambaye wanafunzi walimwita Kalamu Nyekundu, na hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Kulia kwake mhadhiri wa ugavi, kushoto msajili. Wote watatu walikuwa wamepokea "karibu" zake maelfu, na sasa wao ndio walimwambia, "Karibu, kaa."

Kalamu Nyekundu akauliza swali la kwanza, lile lile ambalo Bi Karibu alikuwa amelisikia likipenya mlangoni miaka yote: "Kwa nini umechagua chuo hiki?"

Bi Karibu alifungua mdomo, na mdomo ukaenda njia uliyoizoea. "Karibuni sana. Jengo mnaloliona mbele yenu lilikuwa kiwanda cha magodoro. Zile ndoano darini..."

Alifika maktaba ndipo akajisikia. Mhadhiri wa ugavi alikuwa ameinama, mabega yakitikisika. Msajili alijitia kutafuta kitu chini ya meza.

"Mama," alisema Kalamu Nyekundu taratibu, "hapa leo si ziara."

"Nisameheni. Ulimi umeniponyoka."

"Umetufikisha maktaba, si haba. Hebu tushuke mpaka dukani. Umekuwa ukiliona lile duka kwa miaka mingapi?"

"Tangu lilipojengwa. Kumi na tisa."

"Nieleze basi. Makundi mengi huanza vizuri. Kwa nini wiki ya tatu duka huyumba?"

Swali hili halikuwa na karatasi ya maneno. Bi Karibu alitazama mikono yake, na mara akaliona duka lote mbele yake, na vioo vyake na watoto wake.

"Wanauza wanavyovipenda wao," alisema. "Wanajaza biskuti za chokoleti na vinywaji vya rangi. Wiki mbili wanaviuza wao kwa wao, wanafurahi. Kisha wao kwa wao wanachoka. Lakini wanaopita geti la nyuma kila siku ni walinzi, wapiga deki, wapishi na mafundi. Hao wanataka sabuni, wembe, betri, kalamu ya mtoto wa nyumbani. Hakuna anayewauliza. Na saa nne wanafunga duka waende chai. Saa nne ndiyo saa ya watu kuja dukani! Kuna kundi moja tu, miaka tisa nyuma, binti mmoja alikunywa chai yake amesimama mlangoni, akawa anamuuliza kila apitaye amekosa nini leo. Lile duka halikuyumba."

Kisha Kalamu Nyekundu akauliza, "Umewahi kuwaambia?"

"Hapana. Kazi yangu ni kuonyesha mlango."

Mhadhiri alivuta karatasi akaanza kuandika, na wino ulikuwa mwekundu. Akaandika mstari, akaandika mwingine, akageuza upande wa pili. Bi Karibu alihesabu mistari kumi na mmoja kabla hajaambiwa aende. Nani asiyejua maana ya wino mwekundu? Alitoka, akaketi mapokezini, akampokea mgeni aliyefuata kwa "karibu" iliyotoka nusu.

Sasa, chuo hicho hakibandiki orodha ya waliopokelewa. Mwanzilishi, mwenye kiwanda, alikuwa na msimamo wake: mfanyabiashara lazima azoee kuitwa mbele ya watu na kuitika bila aibu. Kwa hiyo mpaka leo waombaji wote hukusanyika uani, orodha husomwa kwenye ngazi za mbele, na kila anayeitwa hupaza sauti, "Nipo!" akapanda ngazi na kuingia ndani. Wasiosikia majina yao hubaki chini. Msomaji wa orodha kwa miaka ishirini na sita alikuwa Bi Karibu, ambaye hakuhitaji kipaza sauti. Na kila mwaka, baada ya jina la mwisho, alishuka na jagi la maji, akakaa na waliobaki mpaka wa mwisho aondoke. Hilo halikuandikwa kwenye kazi yake. Hakuweza tu kuwapa mgongo.

Asubuhi ya orodha aliuficha ule mto wa kahawia chini ya meza ya mapokezi, akiwa na aibu nao kidogo, kama mtu aliyefika harusini kabla ya bwana harusi. Msajili akaja na bahasha iliyofungwa. Hakumpa mara moja.

"Bi Karibu, leo nisome mimi?"

"Kwani wewe una sauti?"

"Sina. Lakini..." Alikuna kidevu. "Unajua mwenyewe."

"Jina langu unajua limo au halimo?"

"Najua. Na siruhusiwi kusema."

Bi Karibu alimtazama usoni, lakini uso wa msajili ulikuwa umefungwa kama bahasha yake. "Basi nipe," alisema. "Kama halimo, nitakuwa nimeshafika chini pamoja na jagi."

Ua ulijaa. Mvua ilikuwa imenyesha kidogo na vijana walinukia nguo zilizopigwa pasi sasa hivi. Bi Karibu alisimama ngazi ya juu, akachana bahasha, akaanza. Uhasibu kwanza. Jina, "Nipo!" Jina, "Nipo!" Mmoja aliitika mara mbili, watu wakavunjika mbavu. Mmoja alipanda ngazi akasahau kiatu. Masoko. Ugavi. Mzazi mmoja aliitika badala ya mwanawe, na mwanawe akamwambia, "Mama, mimi ndiye ninayesoma!" Bi Karibu akacheka pamoja nao, na kicheko kikamshikilia miguu.

Ukurasa wa mwisho: stashahada, masomo ya Jumamosi. Majina tisa.

Msomaji aliyezoea, macho yake hutangulia ulimi. Ulimi wake ulikuwa bado kwenye jina la sita macho yalipofika la tisa, na hapo yakasimama, na karatasi nzima ikasimama nayo. Akalisoma la sita kwa sauti kamili, kwa sababu mwenye jina hilo naye alikuwa na haki yake. Akalisoma la saba. La nane, mzee wa makamo mwenye mkoba wa fundi umeme, aliitika kwa kishindo akapanda ngazi mbili mbili.

Kisha akalisoma la tisa. Alilisoma kama alivyoyasoma yote, wazi, herufi kwa herufi, jina alilopewa na baba yake na ambalo lilikuwa halijaitwa kwa sauti kubwa tangu siku ya kile cheti. Likapita juu ya vichwa, likagonga ukuta wa kiwanda, likarudi.

Watu wakageuka huku na huku kumtafuta mwenyewe. Nyuma yake, mlangoni, alisikia mtu akijikohoza. Alikuwa Kalamu Nyekundu, amekumbatia mafaili yake.

"Huyo hayupo, mama!" alipiga kelele kijana mmoja kutoka chini. "Mruke!"

Bi Karibu aliikunja karatasi mara mbili. Sauti yake yote ilikuwa imekwisha, imebaki ndogo tu, ya msichana wa miaka kumi na tisa.

"Nipo," akasema.