Wakili Niliyemlalamikia, na Muhuri Wake

Leo nimempelekea wakili malalamiko dhidi yake mwenyewe, ili aniapishe.

Ndugu zangu, msicheke kwanza.

Mnajua kesi ya nyumba yangu hapa Majengo ilifutwa kwa sababu siku ya kusikilizwa yeye alikuwa harusini Mwazye. Basi nimeamua kumshtaki kwa kamati ya mawakili, Dar es Salaam.

Karani wa mahakama akaniambia, "Mama, haya lazima uyaapie mbele ya hakimu au wakili."

Hakimu amekwenda Ilemba na msafara wa viongozi kukagua kijiji cha ujamaa. Wakili hapa mjini ni mmoja tu. Ni huyohuyo.

Nikaenda.

Akanipa kiti, akasoma mpaka mwisho, hata pale nilipoandika kwamba alirudi ananuka pombe ya ulezi. Uso haukubadilika. Akachukua muhuri.

Kisha akaurudisha mezani.

"Ndugu, nikigonga hapa, kamati itayatupa haya. Siwezi kumwapisha mtu anayenilalamikia mimi. Msubiri hakimu."

Nikamuuliza, si angegonga tu apone?

"Umekuja kwangu kama wakili," akasema.

Nikachukua karatasi zangu. Huo ndio ushauri wake wa kwanza uliofaa tangu nimpe kesi.

Hakimu anarudi Jumatatu. Nitaapa kwake, wala sipunguzi neno, hata lile la pombe.

Ninyi mngepunguza?

Kabla hamjajibu, kumbukeni nyumba imekwenda.